Waridi la ushairi wetu lilifika kwa jahazi

Mhariri,

Kila ufikapo mwezi wa Februari husikika tena hoja kwamba waridi ni ua la kuazima, lililoletwa na kadi za wapendanao, na kwamba mshairi wa Kiswahili anayelitaja ameiacha asmini na kilua ili aige Wazungu. Naomba nafasi niipinge hoja hiyo, kwa kuwa inalitafuta waridi bustanini ilhali watu wa pwani walilizoea zaidi likiwa marashi, yaani maji ya waridi, na marashi hayo yalivuka bahari.

Waridi la Dameski, ambalo ndilo hasa hutolewa marashi, huhitaji kipindi cha baridi ili lichanue vizuri, na Lamu au Unguja haliipati baridi hiyo. Huko Omani hustawi juu ya Jabal Akhdar, katika vijiji kama Al Ayn na Ash Shirayjah, kwenye kimo cha karibu meta 2,000, ambako maua huchumwa asubuhi na mapema, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, kabla jua halijayapunguzia harufu. Petali hutiwa katika chungu juu ya moto, mvuke ukapanda hadi kwenye bakuli la shaba lenye maji baridi lililofunika juu, kisha ukadondoka matone ndani ya chombo kidogo. Marashi ya namna hiyo hubeba hata harufu ya moshi.

Tazama sasa kalenda. Mavuno hayo huangukia wakati kusi inapoanza kuvuma, upepo uliokuwa ukiyarudisha majahazi Arabuni, kwa hiyo marashi mapya ya kuja kwetu kwa tanga hayakuwa na budi kungoja kaskazi ya mwisho wa mwaka, yakashuka bandarini pamoja na tende. Wala Omani haikuwa peke yake: Gur ya Uajemi, inayoitwa leo Firuzabad, ilisifika tangu karne ya 10 kwa maji ya waridi yaliyouzwa ng'ambo.

Ndiyo maana Mwana Kupona wa Pate, katika utenzi aliomtungia bintiye mwaka 1858, anamwagiza asiache kujipaka marashi na dalia (unga wa manjano wenye harufu nzuri) mwilini, wala haoni haja ya kueleza vitu hivyo ni nini. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alipambana na majeshi ya Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, lakini uhasama huo haukuyanyima manukato ya ng'ambo nafasi katika beti za mkewe. Miongo kadhaa kabla yake, mshairi mwingine wa Pate, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alikuwa ameufananisha ulimwengu na bahari iliyochafuka yenye matumbawe, ambayo anayeisafiri hupata hasara tu. Sisemi kwamba Mwana Kupona alikuwa akimjibu. Hata hivyo, kwa maoni yangu, tungo hizi mbili zinastahili kusomwa pamoja, kwa sababu bahari ile ile inayotishia katika utungo mmoja ndiyo iliyopitisha anasa za nyumbani katika mwingine.

Miongozo ya wanafunzi niliyoisoma huupita ubeti wa marashi kana kwamba unahusu usafi wa mwili na utii wa mke, basi. Mwanafunzi huyo huyo huenda amenyunyiziwa marashi kwa mrashi kwenye Maulidi, watu wakiwa wamesimama, au arusini, bila mwalimu kumwonyesha kwamba mrashi ule na ubeti ule ni historia moja ya biashara. Ukurasa wako wa fasihi ungeweza kuanza kwa kuuchapa ubeti huo kando ya ramani ya pepo za kusi na kaskazi, ukawaalika walimu wa fasihi na wa historia waujadili kwa pamoja.

Msomaji wako,
Mombasa