Darubini ya Birr haikununuliwa

Mhariri,

Makala yenu kuhusu historia ya darubini ilimgusia William Parsons, Earl wa tatu wa Rosse, kwa sentensi moja: kwamba alikuwa kabaila wa Ireland aliyenunua darubini kubwa kuliko zote za enzi yake. Si kweli, na kosa hilo linaniuma kwa sababu nafundisha fizikia.

Hakukuwa na kiwanda popote kilichouza kitu kama kile. Parsons aliiunda nyumbani kwake, kwenye ngome ya Birr, mji wa Ireland ambao wakati huo uliitwa Parsonstown. Kioo chake cha kuakisi mwanga kilikuwa cha mchanganyiko wa shaba na bati, upana wa mita 1.8, uzito wa tani 3 hivi. Tanuri zilichochewa kwa udongo mkavu wa kinamasi, ule ule ambao wakulima wa pale walipikia. Mafundi walikuwa watu wa hapo hapo, aliowafunza mwenyewe. Baada ya kumiminwa mwaka 1842, kioo kiliachwa kipoe polepole kwa wiki nyingi, maana kikipoa haraka hupasuka. Kisha kikasuguliwa kwa mashine ya mvuke aliyoibuni yeye. Tena akachapisha mbinu zake ili wengine waige, ilhali watengenezaji wengi waliomtangulia walizificha. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko ukubwa wa kioo.

Mwaka 1845 aliona kwamba M51, doa hafifu la mwanga angani, imejiviringa kama konokono. Kwamba ile ni galaksi nyingine kabisa, yaani kundi kubwa la nyota lililo nje ya letu, lilikuja kuthibitishwa miaka ya 1920. Mwaka huo huo wa 1845 ugonjwa wa viazi uliingia Ireland, njaa ikafuata, na utazamaji wa nyota ukakwama.

Fedha nazo zilikuwa na wenyewe. Sehemu ilitokana na kodi za wakulima waliolima ardhi ya ukoo wake, na sehemu kubwa na urithi wa mkewe, Mary Field, aliyemwoa mwaka 1836. Mary alikuwa mpiga picha hodari. Ni kwa picha zake tunajua darubini ile ilivyoonekana siku zake. Makala yenu haikumtaja hata kidogo.

Naomba msahihishe katika toleo lijalo, na jina la Mary Field liwemo.

Mwalimu wa fizikia,
Morogoro