Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Reli, Theluji na Mfuko Wetu

Wazee wetu wa Nsambya, shikamooni. Wanachama wengine wote, hamjambo.

Nianze na hesabu ili tuziondoe njiani, maana najua sizo zilizowaleta. Karatasi za mweka hazina mnazo mikononi. Michango ya mwezi imeingia vizuri kuliko mwaka juzi, isipokuwa Januari na Februari, ambapo karo za shule hutunyang'anya kila kitu. Deni la viti na turubai tumelimaliza. Tumepokea wanachama wapya watano, wawili kati yao walimu wa Kiswahili, na tumempoteza mmoja, mzee wetu wa karakana ya reli ya Nalukolongo, aliyetufundisha wengi wetu kutambua injini kwa mlio kabla hatujajua kusoma. Mungu amrehemu. Mwenye swali la fedha amwone mweka hazina wakati wa chai, na amwone kwa upole.

Sasa safari: kwanza ile ya Mombasa, kisha ile ya theluji mtakayoipigia kura leo.

Kwa wasiokuwepo, Agosti tulikwenda Mombasa kwa basi hadi Nairobi, kisha kwa treni. Wanachama wapya wameniuliza kwa nini hatukupanda ndege pale Entebbe tukafika siku hiyo hiyo. Jibu ni kwamba chama hiki kilianzishwa na watoto wa reli. Reli ilifika Kampala mwaka 1931, ikafika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na sisi tuliokulia kwenye nyumba za reli tulijua saa kwa kusikia treni. Kiswahili chenyewe wengi wetu tulikiokota hapo, kwa baba waliokizungumza kazini na Wakenya na Watanganyika, wakaja nacho nyumbani pamoja na harufu ya dizeli. Treni ya abiria ya kwenda Kenya ilikufa miaka ya 1990. Siku hizi ukiitaka treni, yabidi uifuate Nairobi.

Kampuni ya basi sitaitaja. Gurudumu lilipasuka karibu na Eldoret saa tano za usiku, na dereva akagundua kwamba jeki imeachwa Kampala. Tulikaa kando ya barabara kwa muda wa saa nne hivi kwenye baridi ile ya nyanda za juu, tukigombania chupa moja ya chai. Kilichotuokoa ni kwamba katibu alikuwa amekata tiketi za treni ya alasiri. Alipopendekeza hivyo mwezi Juni tulimcheka kwamba ni mwoga. Tungekuwa na tiketi za asubuhi, treni ingeondoka stesheni ya Syokimau sisi tukiwa bado barabarani. Naomba mlikumbuke jambo hili, nitalirudia.

Jingine la safari ile: nauli ya daraja la kawaida, iliyokuwa shilingi 1,000 za Kenya, ilipandishwa kuwa 1,500 mwanzoni mwa 2024, na tiketi hulipiwa kwa M-Pesa. Bila binamu yake katibu aliye Nairobi tungehangaika sana. Mengine yalikwenda vizuri, na samaki wa Mombasa mnajua wenyewe.

Ni pale kando ya barabara ya Eldoret, watu wakitetemeka, ambapo mmoja wetu alisema: "Nyinyi ndio mnaotaka kwenda kuteleza kwenye theluji?" Tukacheka wote, lakini swali lilikuwa la haki. Mkutano wenu uliopita uliitaka kamati ichunguze safari ya skii "bila ndege kadiri inavyowezekana". Maneno hayo manne ya mwisho yametukalisha vikao sita.

Niwaeleze mapema kwamba mimi nilitaka Lesotho. Afrika ina theluji ya skii kule, katika wilaya ya Butha-Buthe, mahali panapoitwa Afriski, juu ya mita 3,000, na msimu wake ni Juni hadi Agosti. Kwenye ramani safari ile ilinitoa mate: basi hadi Dar es Salaam, kisha TAZARA, kilomita 1,860 za reli hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, halafu tushuke kusini taratibu. Hakuna ndege hata moja. Lakini mzee wetu dereva mstaafu wa treni alichukua kalamu, akaanza kuuliza maswali ya kazi yake. Baada ya Kapiri Mposhi unaunganisha na treni gani? Inaondoka siku gani? Ikichelewa, unalala wapi? Kila alipouliza, jibu likawa basi. Mwisho wa karatasi yake safari yangu ya treni ilikuwa theluthi moja reli na theluthi mbili barabara, wiki nzima kwenda na nyingine kurudi, kwa ajili ya mteremko mkuu wa kilomita moja hivi ambao sehemu ya theluji yake hutengenezwa kwa mashine. Ongeza viza ya Afrika Kusini, tena ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa kuwa Lesotho imezungukwa na nchi hiyo pande zote. Kura zilikuwa nne kwa tatu. Nilishindwa, na karatasi ya mzee nimeihifadhi.

Ikabaki Ulaya, na hapo mjumbe wetu wa Kasese alitubana vibaya. "Mtaruka zaidi ya kilomita 6,300 kutoka Entebbe hadi Amsterdam," alisema, "halafu mje kujisifu hapa kwamba zile 730 za mwisho hamkuruka?" Huyu ni mtu anayeiona Rwenzori akifungua dirisha. Mwaka 1906, yule mwanamfalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alipopanda vilele vile, barafu yote ya Rwenzori ilikuwa kama kilomita za mraba 7.5. Kufikia 2005 ilibaki kama 1.5, tena kwenye milima mitatu tu. Mjumbe wetu hahitaji takwimu. Husema tu kwamba mahali ambapo babu yake alimwonyesha weupe, yeye humwonyesha mjukuu mwamba.

Kwa hesabu yuko sawa, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani treni ya usiku mmoja inafuta moshi wa ndege ya usiku mmoja. Haifuti. Kutoka Uganda hakuna reli ya kutufikisha Ulaya. Ile ya kaskazini inakoma Pakwach. Ndege moja ya kwenda na moja ya kurudi hatuna budi nazo. Ndiyo maana kamati inawaletea masharti matatu pamoja na pendekezo lenyewe: tuende mara moja, si kila mwaka, tukishafika tukae siku 14, si sita, na tukikanyaga Ulaya, hakuna mwanachama atakayepanda ndege nyingine mpaka siku ya kurudi, hata kama ameona tiketi ya bei ya kutupa kwenye simu yake. Ndege hizo za bei ya kutupa, nawaambia kutokana na alichotueleza mtoto wa mwanachama mwenzetu anayesoma Innsbruck, Austria, huanza kupanda bei ukitaja begi.

Pendekezo ni hili. Januari 2028 tutue Amsterdam. Stesheni ya treni iko chini ya uwanja wa Schiphol wenyewe; unashuka ngazi na koti lako, na dakika 20 baadaye uko stesheni kuu ya mjini. Jioni tunapanda Nightjet, treni ya usiku ya shirika la reli la Austria, inayopita Ujerumani sisi tukiwa tumelala na kutufikisha Innsbruck asubuhi. Ina viti, ina vyumba vya vitanda vya kushirikiana, na ina vyumba vya kulala vya gharama zaidi. Mzee wetu dereva ameuliza mara tatu kama shuka zinatolewa. Zinatolewa, mzee, na kifungua kinywa pia. Kwenye viti hakuna vyote viwili, basi wasije watu wakakata tiketi ya kiti kwa kubana fedha halafu wakalaumu kamati.

Sasa lile la Eldoret. Tiketi ya ndege na tiketi ya treni ni mikataba miwili tofauti. Ndege ikichelewa ukaikosa treni, huwezi kulidai shirika la ndege, na shirika la reli halikujui. Ndege za usiku kutoka Entebbe hufika Amsterdam asubuhi, na treni huondoka jioni, kwa hiyo siku nzima ile ndiyo jeki yetu. Wakati wa kurudi, kamati imeamua tulale Amsterdam usiku mmoja kabla ya ndege. Mmoja amesema ni gharama ya bure. Nimemkumbusha alikuwa wapi usiku ule wa Agosti.

Kutoka Innsbruck tunapanda treni nyingine, chini ya dakika 45, hadi Seefeld, kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Reli hiyo ya mlimani ilifunguliwa 1912 ikiwa ya umeme tangu siku ya kwanza, na hupita kwenye mahandaki ya mwamba wa Martinswand. Dereva mstaafu alipoona ramani yake alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Timboroa ni juu zaidi." Tukapima, na kweli. Reli yetu ya zamani inapita Timboroa, Kenya, kwenye zaidi ya mita 2,700. Reli ya juu kuliko zote zinazovuka Alps, ile ya Bernina huko Uswisi, inafika mita 2,253. Tangu siku hiyo mzee anazungumza juu ya Austria kama mtu anayekwenda kukagua kazi ya wanagenzi.

Kwa nini Seefeld na si milima mikubwa yenye majina? St. Anton nayo ina stesheni kijijini, karibu na lifti, lakini miteremko yake imetengenezewa watu waliozaliwa na mbao miguuni. Seefeld ni tambarare na ya upole, na sifa yake ni skii ya masafa, ile ya kutembea na kusukuma kwa fimbo badala ya kujitupa kutoka kileleni. Ilikuwa mwenyeji wa michezo hiyo kwenye Olimpiki za Innsbruck za 1964 na 1976. Skii ya masafa haihitaji tiketi ghali ya lifti, na ndiyo aliyoshindana Philip Boit wa Kenya kwenye Olimpiki za Nagano, Japani, mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri mwishoni akamkumbatia. Sisi tukimaliza tumesimama, inatosha. Anayetaka kuteleza kutoka juu atapata pia vilima vidogo vya wanaoanza. Huko Austria miteremko rahisi huwekwa alama ya buluu, ya kati nyekundu, na ya hatari nyeusi. Mwanachama atakayeonekana kwenye nyeusi siku ya kwanza ajitibu mwenyewe.

Kuhusu kujitibu, na karatasi kwa jumla: viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 na hairudishwi ukikataliwa. Inaombwa kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi, yaani Austria, si Uholanzi tunakoshukia. Kosa hilo limewakwamisha wengi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Bima ya angalau euro 30,000 ni lazima, lakini ile ya kawaida huweza kuwa haigusi ajali za skii, kwa hiyo tusome maandishi madogo. Pasipoti ikae mfukoni hata ndani ya treni, kwa kuwa polisi wa Ujerumani huingia kukagua.

Tumechagua wiki zinazoanza baada ya tarehe 6 Januari, sikukuu zikiisha na kabla ya likizo za shule za Februari, kwa sababu ndipo vyumba hushuka bei. Atakayependa kuzunguka zaidi kwa treni asinunue pasi ya Interrail, ambayo ni ya wakazi wa Ulaya. Yetu inaitwa Eurail, na hata ukiwa nayo kitanda cha usiku kinalipiwa kando.

Nguo hazinitii wasiwasi. Jaketi za skii za Ulaya nzima zimetundikwa soko la Owino, na kila asubuhi mvua ikinyesha Kampala nusu ya waendesha boda boda wamevaa kama wanakwenda Alps. Mbao, fimbo na viatu tutakodi kule kule; kuzibeba kutoka hapa ni wazimu.

Hesabu ya kamati ni shilingi milioni 12 kwa mtu, ndege, treni, malazi, chakula, mafunzo na kukodi vifaa vyote humo. Hiyo ni 500,000 kwa mwezi kwa miezi 24, kuanzia Januari hii, kwenye akaunti tofauti na mfuko wa misiba. Mfuko wa misiba hauguswi kwa ajili ya theluji, na hilo naomba liandikwe kwenye kumbukumbu. Wasioweza au wasiotaka wasijione wametengwa: mwaka ujao tunakwenda Kasese wote, kwa barabara kwa bahati mbaya, na mjumbe wetu wa huko ameahidi kutuamsha mapema tuione Rwenzori kabla mawingu hayajafunga.

Kura itapigwa baada ya chakula. Watakaosema ndiyo wampe katibu namba ya kiatu kwa kipimo cha Ulaya kabla hawajaondoka leo, si kwa simu wiki ijayo. Mzee dereva ameshampa yake: 46, na mguu wa kushoto una kidole kisichotaka kuguswa.