YAH: Pesa Mmepokea, Tiketi Mmeninyima kwa Sababu ya Kivinjari

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Salamu nitazitoa siku nyingine, mtaniwia radhi.

Jumatano usiku, nikiwa nyumbani Mwanga hapa Kigoma, nilikata tiketi 3 za basi la Tabora kwenye tovuti yenu kwa Firefox, kivinjari changu, yaani programu ya kufungulia tovuti. Nikachagua siti, nikalipa kwa simu Sh 96,000, ujumbe wa makato ukaingia papo hapo. Kufika hatua ya kuchukua tiketi, ukurasa mweupe na mstari mmoja: "Kivinjari chako hakikubaliki. Tumia Chrome." Yaani kwa kulipia kilifaa!

Saa 11 alfajiri niko dirishani stendi, ujumbe wa malipo mkononi. Kijana wenu hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Mzee, Chrome ni bure, umeshindwa kupakua?" Foleni ikacheka. Mama yangu mzazi alikuwa pembeni na dumu lake la mawese.

Kompyuta ni yangu, bando nanunua mwenyewe, na hiyo Firefox ambayo kijana wenu aliiita ya kizamani nimeisasisha mwezi huu huu. Tena niliporudi kutoka Tabora nilifanya jaribio. Kila kivinjari hujitambulisha kwa tovuti kinayoifungua. Nikaiagiza Firefox yangu ijiite Chrome. Ukurasa uleule ukafunguka, siti zangu 3 zikaonekana, kitufe cha kuchapisha tiketi kikafanya kazi vizuri kabisa. Kwa hiyo tovuti haikushindwa chochote. Fundi wenu ameweka bawabu anayeuliza jina tu: mwongo anapita, mimi niliyesema kweli nimelala nje.

Turudi dirishani, maana hapo sijamaliza. Aliposema "umeshindwa kupakua" hakuishia hapo, akawageukia watu: "Hawa ndio wanaotucheleweshea gari." Ndipo mama akanivuta shati, akaninong'oneza, "Baba, kwani umechukua nini cha watu?" Mama wa miaka 74 alidhani mwanawe kaiba! Nikalipa tena Sh 96,000 taslimu, tukabanana siti ya nyuma kabisa, huku zile nilizolipia usiku zikienda tupu hadi Uvinza. Nilizihesabu.

Naomba Sh 96,000 zangu zirudishwe. Ule mstari wa kukataa vivinjari uondolewe. Na yule kijana ampigie mama simu, amweleze kwa mdomo wake kwamba sikuiba kitu. Bila hilo, hata pesa mkirudisha hatujamalizana. Nilikuwa nimeandika siku 14, nimezifuta. Ni 7. Siku ya 8 barua hii na picha za skrini zitakuwa LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, nakala Tume ya Ushindani.

Viambatisho ni ujumbe wa malipo na picha 4. Visipofunguka kwenye kompyuta zenu, jaribuni kivinjari kingine.

Ni mimi, mliyemwita mzee,
Mwanga, Kigoma.