Mgeni wangu kaghairi, mkewe ataka mahojiano yaende hewani, bosi yuko upande wa mke. Nishike la nani?

Shangazi shikamoo, na nyote mnaosoma hapa salaam aleikum. Barua ni ndefu kidogo mnivumilie, manake nikiifupisha mtanijibu haraka haraka na mie jibu la haraka nishapewa na kila mtu kazini.

Mie ni mtangazaji, mwanamke, niko Mombasa, naendesha kipindi cha usiku kwenye stesheni moja ya FM ambayo sitaitaja manake bado nala hapo. Kipindi ni cha mambo ya unyumba na mwili kwa jumla, si matusi, si vichekesho vya chumbani, ni mazungumzo ya watu wazima na mgeni studioni halafu simu zinafunguliwa. Chaanza baada ya saa nne usiku kwa sababu kanuni za utangazaji za Kenya zasema kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku watoto waweza kuwa wanasikiza, mambo ya wakubwa yasubiri. Mwanzo tuliwekwa Alhamisi, wazee wakalalamika ati usiku wa kuamkia Ijumaa mwatutilia vitu gani hivi, wengine nao wakasema kwani huo sio usiku wenyewe hasa (mwajua wenyewe), bosi akaona isiwe taabu akatuhamishia Jumanne.

Wageni nimekaa nao wa kila aina. Nesi wa kliniki kaja kueleza njia za kupanga uzazi, kijiti, koili na sindano ya miezi mitatu, simu zikajaa wanaume wauliza je hiyo koili haitanichoma mie. Mfamasia kaja kueleza kwamba ile PEP ya kuzuia HIV baada ya kujitia hatarini yaanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndio bora, si wiki ijayo ukishapata ujasiri wa kwenda hospitali. Kuna somo mmoja wa Mji wa Kale, bibi mtu mzima alofunda maharusi tangu mie sijazaliwa, huyo alinikatalia muda mrefu ati ya ndani hayasemwi barazani, alipokubali akaja na buibui lake na asumini zake akazungumza kipindi kizima bila kutaja kiungo hata kimoja na kila mtu akaelewa, fundi wa mitambo nyuma ya kioo kainamisha kichwa acheka peke yake. Bibi alisema mwali hafundwi kumfurahisha mume tu, afundwa pia akijue chake yeye kinachomfurahisha, na kama somo wako hakukwambia hilo basi alikula ubani wa bure. Wallahi simu za usiku ule sijapata kuziona tena.

Kuna vitu viwili sina mchezo navyo. Kwanza watoto: nikisikia sauti ya chini ya miaka 18 haipiti hewani, produsa ampa namba ya watoto, 116, na mtu mzima akianza kueleza kwamba apigwa au alazimishwa hapewi maiki, apewa pembeni 1195, namba ya msaada kwa walofanyiwa ukatili wa kijinsia, na mtu wa kumsikiza. La pili ni ridhaa. Hili nalisema karibu kila Jumanne mpaka wapigaji wanicheka, kwamba mtu akikubali saa tatu aweza kukataa saa nne, hata mkishaingia chumbani, hata mmeoana miaka ishirini, na yule mwengine avae nguo zake alale. Wanaume hunipigia kunikumbusha ati sheria yenyewe haimshtaki mume, na ni kweli Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 imewatoa wanandoa nje kwenye makosa yale, lakini mie sisemi polisi, nasema adabu baina ya watu wawili. Shikeni hapo kwenye ridhaa manake ndipo kitanzi changu kilipo.

Sasa kisa chenyewe. Nimegeuza vitu kadhaa, kazi, mtaa, na mengine, msijisumbue kumtafuta. Na mwenyewe nimemuomba ruhusa kabla sijaandika, akanambia andika mwanangu, bora usiseme ni nani na usitie sauti yangu.

Ni mzee wa miaka hamsini na kitu, ana kisukari cha muda mrefu na moyo pia wamsumbua. Kisukari kikikaa mwilini bila kudhibitiwa chala mishipa ya damu na ya fahamu, na mwanamume aweza kuona matokeo yake kitandani kabla hajayaona mahali pengine popote, lakini nani amwambia? Yeye aliona haya kwenda kwa daktari wake, akanunua vile vidonge vya bluu vya nguvu za kiume dukani kwa siri, bila cheti, bila kuulizwa swali. Na huku ana dawa ya moyo, ile ya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Mfamasia wangu alishaeleza hewani kwamba hivyo viwili havikai pamoja kabisa, presha yaweza kuporomoka mpaka mtu akafa. Cha ajabu ni kwamba hicho kidonge cha bluu chenyewe kilianza kwa kujaribiwa kama dawa ya kifua kubana kwa ajili ya moyo, hayo ya chumbani yakaonekana njiani, ndio mwaka 1998 kikaruhusiwa Marekani kwa kazi tunayoijua.

Basi usiku mmoja mzee akabanwa na kifua, akaanguka, wakampeleka hospitali na tuktuk. Daktari amuuliza umekunywa dawa gani leo, mzee asema hamna, manake mwanawe wa kiume amesimama pale. Daktari ashaanza kuandika ile ya chini ya ulimi. Mkewe ndie aliyetoa pakiti ya vidonge kwenye pochi akaiweka mezani mbele ya wote, alikuwa ameikuta mfukoni mwa koti siku kadhaa nyuma, akanyamaza, akidhani mume ana mwanamke nje. Pakiti ile ndio imemuweka hai.

Hayo yote mzee aliyasema studioni kwa sauti yake mwenyewe, tulirekodi kabla ya siku ya kipindi. Alilia kidogo, akacheka, akasema mie nilikuwa tayari kufa lakini mwanangu asijue. Shangazi, nimefanya kazi hii muda na sijawahi kupata mahojiano kama yale. Alijaza fomu ya ruhusa, akasaini, nikamsomea kila mstari. Jina lake halikutumika.

Tatizo ni sauti. Mzee huyu kazi yake ni ya kusema mbele za watu, yaani nusu ya mji waijua sauti yake na kicheko chake. Alijua hivyo na akakubali. Mwisho wa wiki stesheni ikapiga promo, sekunde chache tu za maneno yake, Jumapili kakaa kwa kinyozi mtu amgeukia amwambia mzee jana kwenye redio nimesikia kama wewe. Aliporudi nyumbani akanipigia. Hakugomba, hakunilaumu, alisema tu mwanangu nimeshindwa, binti yangu mkubwa ameposwa juzi, wacha isiende. Nikamwambia sawa baba. Jumanne ile nikarudia kipindi cha zamani.

Bosi akaruka. Kwake yeye fomu imesainiwa na mambo yamekwisha, promo ishatoka, sponsa ashalipa. (Na huyo sponsa auza virutubisho vya nguvu za kiume, yaani watu wasikize mzee aeleza alivyotaka kufa kwa vitu vya kujinunulia ovyo, halafu katikati tangazo la chupa yao, mbona tutachekwa mpaka Lamu.) Nilimwambia bosi kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yampa mtu haki ya kuondoa ridhaa yake wakati wowote na kwamba habari za afya ya mtu zimewekwa kwenye fungu la siri zaidi. Akanijibu sheria hiyo hiyo ina mlango wa waandishi wa habari kwa mambo yenye faida kwa umma, na hili si la faida kwa umma? Na hapo Shangazi nilinyamaza kidogo, manake ndio, lina faida. Baada ya promo pekee wanaume walipiga simu mchana, ofisini, kuuliza mzee yule yuaja lini, mmoja anong'ona kabisa ati na mie nina dawa ya moyo nisubiri kipindi ama nende hospitali. Nikamwambia nenda leo.

Ningekuwa na bosi tu wa kupambana naye nisingewaandikia. Ameniandama mkewe.

Mama alinipigia mwenyewe, namba alichukua kwenye simu ya mumewe. Asema mahojiano yaende. Nikamwambia mama, baba amekataa. Akanambia, naandika karibu vile vile alivyosema: "Yeye aliona haya, lawama nilibeba mie. Miaka sita mawifi waniuliza nimemkaushia nini ndugu yao, nimepelekwa kwa waganga ati nina jini mahaba, wakamtafutia mke wa pili mie nasikia. Siku alipokaa na wewe akasema ni ugonjwa wangu si mke wangu, mie nilikuwa sebuleni kwenu nje nasikia kwenye spika, nililia mpaka buibui likarowa. Sasa alifute kwa simu moja?"

Mwajibu nini hapo? Mie nilishindwa. Kweli alikuwa amekuja naye, alikaa pale nje ya studio, na sikumuuliza hata mara moja kama angependa naye kusema lake. Kuhusu posa asema kama wakwe watavunja ndoa kwa sababu baba mtu ana kisukari basi bora wavunje sasa hivi kuliko binti kuwajua baadaye.

Nilimpa wazo la kuja peke yake aeleze ya kwake, bila mume. Akacheka. Asema mwanangu, nikisema ya kwangu nitakuwa nimesema ya nani? Na ni kweli, haiwezekani kueleza miaka ile sita bila kumtoa yeye nguo.

Tumejaribu njia nyengine. Fundi aliigeuza sauti kwenye kompyuta ikatoka kama jini wa kwenye filamu, na bado kile kicheko ni kile kile, mtu akimjua amjua tu. Mzee mwenyewe yuko tayari maneno yake yasomwe na mtu mwengine, mwigizaji, hata kesho. Mie hilo laniingia akilini. Bosi hataki, asema watu watajua ni kuigiza na sponsa alilipia sauti halisi, mama naye hataki, asema mawifi hawatamwamini mwigizaji, watasema ni hadithi ya redio, wao wataka wamsikie ndugu yao kwa kinywa chake. Kuna kusubiri mpaka harusi ipite, mzee nilipomuuliza akasema labda, halafu akanyamaza, halafu tena akasema labda, na mie labda kama hiyo nikiisikia kwa mpigaji yeyote namwambia hiyo ni hapana ya mtu mwenye adabu.

Produsa wangu, kijana mdogo, aninong'oneza kwamba mafaili hupotea kila siku, kompyuta ile ni ya zamani, nani atajua. Staki. Bosi nikimdanganya leo kwa jambo jema kesho nitamdanganya kwa jipya, na zaidi ya yote ni kwamba yale maneno ni kitu pekee ambacho yule mama anacho mkononi, nikiyafuta nimemfuta yeye.

Kwa hivyo nauliza. Msimamo wangu mie ni kwamba sauti ni ya mzee, amesema hapana, basi, siwezi kuhubiri ridhaa Jumanne hii halafu Jumanne ijayo nimpige mtu hewani kwa nguvu ya karatasi aliyosaini. Lakini kila nikishika hapo naiona sura ya mama kwenye lile benchi la nje. Je kuna anayeona kwamba mke ana haki yake hapa, na kama anayo, yafikia wapi? Wale mlioishi na jambo kama hili nyumbani hasa ndio nataka kuwasikia, wanawake mlobeba lawama ya ugonjwa usokuwa wenu: mlitaka mji mzima ujue, ama mlitaka tu wale watu watatu wanne walowaumiza wajue? Manake mie nimeanza kuwaza kwamba pengine hili si la redio tena, pengine ni la mzee kukaa na dada zake sebuleni awaambie yale yale alonambia mie, na kama ni hivyo ni nani wa kumwambia, ni mie mtoto wa watu wengine, ama nimtafute yule somo wetu, ama kuna mzee wa kiume afaa zaidi? Na mlio kwenye redio, mwawaambia nini mabosi wenu mgeni akighairi baada ya promo kutoka? Kuna stesheni zina karatasi ya kumpa mgeni siku kadhaa za kufikiri kabla ya kurusha? Kama ipo nitumieni maneno yake yalivyo niende nayo.

Nijibuni kabla ya Jumatatu tafadhali, kikao na bosi ni saa tatu asubuhi. Mama ashanambia atakuja ofisini naye aseme, mzee hajui, na mie mpaka sasa sijui nimkataze ama nimtengee kiti.

Ni mie,
Sauti ya Jumanne, Mombasa