Barua kwa Rukia, kabla hajanunua zile Segway

Shoga yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, na tunaomba mama na watoto nao wawe wazima. Salamu nyingine nitazimalizia huko chini, maana ule ujumbe wako wa sauti, kwamba unataka kununua Segway, zile mashine za kusimama, kwa pesa za chama chenu cha kuchangiana ili uwatembeze wageni wako huko Mombasa, umeninyima usingizi. Kila nikifika pale unaposema "bei tumeshakubaliana, zimebaki pesa za chama tu", moyo unanidunda. Tafadhali usimpe mtu hata shilingi kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho. Ningekupigia simu, lakini mimi na wewe tukishikana kwenye simu tunaishia kwa Bi Nuru na wakwe zake, na hili linataka utulivu.

Uliniambia nikifika Lisbon, huku Ureno, nipande Segway kwa niaba yako, nione wenzetu wanavyoifanya kazi hiyo ya kutembeza wageni. Nimepanda, mimi na Zuhura, katika ziara ya Belém, ule upande wa mji ambapo mto Tejo unakaribia kuingia baharini. Na nitakwambia kweli tupu: ni raha. Zuhura alikuwa akiniambia tangu hotelini kwamba yeye atatazama tu na kushika mikoba, na mwishowe ndiye aliyekuwa hataki kushuka.

Chombo chenyewe ni ubao wa kusimamia, gurudumu moja huku na jingine kule, na mpini unaokufika kiunoni. Hakina breki ya kukanyaga wala ya kubana. Ndani mna vifaa vinavyohisi mwili wako umeelemea wapi. Ukielemea mbele kidogo, magurudumu yanakimbilia mbele ili yabaki chini yako. Ukirudisha uzito kwenye visigino, mwendo unapungua mpaka kinasimama. Kukata kona ni kuulaza mpini upande unaotaka. Ni kama kubeba ndoo ya maji kichwani: ukikaza shingo yanamwagika, ukiutuliza mwili yanatulia. Kinafika kilomita 20 kwa saa, na ukitaka kupita hapo mpini wenyewe unajirudisha kukusukuma nyuma. Kuna pia mpangilio wa wanaojifunza unaokizuia kisiende kasi, na hapo ndipo tulipowekwa wote mwanzoni, wazee kwa vijana.

Kijana aliyetuongoza hakututoa pale uwanjani mpaka aliporidhika na kila mmoja. Alisimama mbele ya mtu, akaushika mpini, akasema: mguu mmoja, sasa wa pili, tazama mbali, usitazame miguu. Kushuka ndiko alikokusisitiza zaidi. Unateremka kwa nyuma, mguu mmoja kisha mwingine, na mpini huuachi mpaka umesimama chini sawasawa. Mzee mmoja Mholanzi aliuachia mpini, mguu wake mmoja ukiwa bado juu, mashine ikamchomoka ikaenda kugonga benchi. Rukia, kitu hicho kina karibu kilo 50. Benchi lilikuwa tupu, namshukuru Mungu. Mimi nikaiona Mama Ngina, ile barabara yetu ya ufukweni Mombasa, Jumapili jioni: watoto wanakimbizana, wauza mihogo na makarai ya mafuta ya moto, madafu yamepangwa chini, vijana wanapiga picha wakirudi kinyumenyume. Mwili ulinisisimka.

Njia ya kando ya mto ni pana na laini, na hapo ndipo raha ilipo. Upepo unatoka baharini, unapita chini ya lile daraja jekundu la mwaka 1966, na magari yanayopita juu yanatoa mvumo usiokatika. Lakini tulipoingia kwenye njia zao za mawe, yale meupe na meusi ya chokaa yaliyopangwa kwa nakshi, mambo yakabadilika. Mawe yamesuguliwa na nyayo za miaka mpaka yanang'aa, na penye unyevu gurudumu linateleza. Kiongozi akatupanga mmoja nyuma ya mwingine, mwendo wa pole. Sasa nambie, Mji wa Kale utapitisha wapi msururu huo? Ndia Kuu ukikutana na mkokoteni na tuktuk kwa pamoja, hata mwenye miguu anajibana ukutani. Mama Ngina naikubali, asubuhi mapema kabla watu hawajajaa. Mji wa Kale, hapana.

Ila si hilo hasa lililonifanya nikuandikie kwa kirefu. Nisikilize.

Tulifika kwenye ule mnara wa mabaharia wao ulio ukingoni mwa mto, uliochongwa mfano wa omo ya jahazi. Huu wa mawe ni wa mwaka 1960. Mbele yake, chini kabisa, kuna dira kubwa ya marumaru, zawadi ya Afrika Kusini, na katikati ya dira imetandazwa ramani ya dunia yenye merikebu na miaka ya safari zao. Tukaambiwa tuziegeshe mashine pembeni tuingie ndani ya ramani kwa miguu. Nikaenda moja kwa moja kusimama Afrika Mashariki. Pwani yetu nzima ilikuwa chini ya kiatu changu kimoja.

Kijana akaanza kueleza. Vasco da Gama aliondoka hapa hapa Belém Julai 1497, akaizunguka Afrika, Malindi wakampa rubani, akafika India. Basi. Akageuka kuelekea Brazil. Nikangoja, labda atarudi. Hakurudi. Nikanyoosha mkono nikamuuliza: na Mombasa je? Akanijibu kwa adabu kwamba anachojua ni kuwa kuna ngome ya Wareno.

Nikamweleza, palepale, watu wamesimama na helmeti zao vichwani. Kwamba da Gama alifika Mombasa Aprili 1498 kabla ya kufika Malindi, na hawakupatana na wenyeji. Kwamba mwaka 1505 Francisco de Almeida, mkuu wa merikebu za Wareno, aliipora Kilwa, kisha mwezi uliofuata akaja Mombasa, akaupora mji na kuuchoma moto. Nikamtajia ile barua ya mfalme wa Mombasa kwa mfalme wa Malindi, kwamba hakusazwa mwanamume wala mwanamke, mkubwa wala mtoto. Kwamba hiyo ngome anayoijua, Fort Jesus, ilianza kujengwa 1593, karibu karne nzima baada ya da Gama, na Waomani wakaizingira kuanzia 1696 mpaka wakaichukua 1698. Sauti ilinitetemeka, shoga, sikufichi. Niliyasema yote kwa mpango ule ule unaoyasema wewe pale langoni pa Ngome, kwa sababu ni kwako nilikoyasikia yakasemwa yakaeleweka.

Hakuna aliyecheka wala kutazama saa. Yule mzee Mholanzi aliniuliza maswali mpaka kiongozi akatukumbusha kwamba kuna kundi jingine linangoja mashine. Na kijana mwenyewe, tulipokuwa tunarudi, alikuja sambamba nami akaniomba: kama kwenu kuna mtu anayeieleza habari hii kwa wageni, nitafutie maneno yake, nataka nijue la kusema nikisimama pale. Nikamwambia yupo, na jina lake ni Rukia.

Kesho yake nikamburuta Zuhura mpaka makumbusho ya sanaa za kale, maana ziara ya Segway inapita nje ya majengo tu, haiingii ndani. Nilitaka kuiona ile dhahabu ya Kilwa. Kuna chombo cha ibada cha kanisa, kirefu, chembamba, kimejaa nguzo ndogo ndogo, na mitume kumi na wawili wamepiga magoti wakikizunguka, nguo zao zimetiwa rangi. Mfalme wao Manuel ndiye aliyeagiza kitengenezwe, na fundi Gil Vicente akakimaliza 1506. Dhahabu yake ni kodi aliyoilazimisha Vasco da Gama kwa mtawala wa Kilwa mwaka 1502. Na si uvumi: kwenye kitako chake kumezungushiwa maandishi yanayosema kimetengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Herufi za jina la Kilwa ziko palepale nyuma ya kioo cha makumbusho. Zuhura, ambaye mama yake ni mtu wa Kilwa Kivinje, alisimama mbele yake muda mrefu, kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Wameandika wenyewe." Hata hiyo ieleze kwa wageni wako, Rukia. Waambie iko wapi.

Turudi kwenye pesa za chama, maana ndizo zinazonikosesha raha. Mashine hizi zilizinduliwa Marekani Desemba 2001. Mwaka 2015 kampuni ilinunuliwa na Ninebot ya China, na Julai 2020 wakaacha kabisa kutengeneza hii ya kusimama yenye magurudumu makubwa, ambayo ndiyo unayouziwa, nimeiona kwenye picha zako. Kwa hiyo kila unayoiona sokoni ina umri, na vipuri vyake ni vya kusaka. Kila moja inatembea kwa betri mbili za lithiamu, na betri ikizeeka haishiki chaji tena. Utaichaji usiku kucha, na kabla wageni hawajafika Lighthouse, pale pale Mama Ngina, itakuwa imekwisha. Kuzisafirisha betri hizo nako kuna masharti yake, zinahesabiwa katika mizigo ya hatari, kwa ndege hata kwa meli. Huyo muuzaji wako wa Dubai amekuambia hayo? Na wewe unajua chumvi ya upepo wa Mama Ngina inavyovitafuna vyuma, mageti ya nyumba yenu wenyewe ni ushahidi.

Chama si pesa zako peke yako. Kuna mchango wa Bi Salma mle, na yule mama anauza bajia tangu alfajiri. Kuna fungu la mahari ya Fatma. Zikienda na mashine zikafa zikiwa sita kwenye stoo ya mjomba, hata kama wote watakusamehe, wewe mwenyewe hutajisamehe, nakujua.

Sisemi uache biashara. Nasema uanze na kile ulicho nacho tayari. Wageni waliokuwa nasi Belém waliizungumza mashine pale mwanzoni. Baadaye kila swali lilikuwa la habari za mahali. Na habari za Mombasa unazo wewe. Anza na ziara ya miguu: Ngome, kisha Mji wa Kale mpaka Bandari ya Kale, umalizie kahawa na halua barazani kwa Mzee Shee. Vaa kitambulisho, pata kibali chako sawasawa, weka bei moja isiyoyumba. Mimi nitakutumia pesa ya vile vipaza sauti vidogo vya sikioni, tulivyovaa huku; kiongozi anasema kwa sauti ya kawaida na kila mtu anasikia hata akiwa nyuma kabisa. Hicho ndicho kifaa nilichokitamani kwa ajili yako kuliko Segway. Baada ya msimu mmoja, kama bado unazitaka mashine, tutazitafuta pamoja, mpya, za aina ambayo bado inatengenezwa, na za Mama Ngina tu.

Na hilo la yule kijana nakuomba usilipuuze. Simama pale juu ya Ngome, upande wa bahari, ujirekodi ukieleza mwaka 1505 na ule mzingiro wa Waomani, kama ulivyowaeleza wale walimu wa Nairobi mpaka wakanyamaza kimya. Sema kwa Kiswahili, usijitaabishe; nitakaa na Zuhura tumtafsirie neno kwa neno.

Sasa nijibu haya. Umeshampa huyo mtu arubuni au bado? Kama umempa, kiasi gani, na ana karatasi yoyote aliyotia saini? Nani mwingine katika chama anajua? Athumani anasemaje, maana nina hakika yuko nyuma ya jambo hili? Zile mashine umewahi kuziona zikitembea, au ni picha tu? Mguu wa mama vipi, bado anakataa kwenda kliniki? Fatma wamempangia tarehe? Na wewe, unalala? Sauti yako ilikuwa imechoka.

Nijibu kabla ya kikao cha chama cha Jumapili, tafadhali. Na kama pesa zimeshatoka, niambie tu bila kuogopa, sitakuja juu. Nitampigia Bi Salma mimi mwenyewe kwanza, halafu tutajua la kufanya. Zuhura anakusalimu sana. Mbusu mama mkono kwa niaba yangu.

Wako akupendaye,
Mwanajuma