Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: wahesabiwe na wanaoishi chini ya mawe

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Ombi langu ni moja, na nalitaja mapema ili usihangaike kulitafuta: bodi za maji za mabonde ziwe zinahesabu, kila msimu, wadudu na viumbe wengine wadogo wa vijito vinavyopita mashambani, na hesabu hiyo ipewe uzito sawa na kipimo cha maabara. Ruhusu nianze na jiwe.

Panda na kijito chochote cha milima ya Uluguru mpaka mashamba yanapokoma na msitu unapoanza. Inua jiwe, uligeuze taratibu. Upande wa chini utamkuta mdudu bapa mwenye mikia mitatu, ameganda kwenye jiwe kana kwamba amechorwa, na matamvua yake ya kupumulia yanapepea pembeni mwa tumbo. Jirani yake kajijengea kijumba cha chembe za mchanga alizozishona kwa uzi unaotoka mdomoni mwake mwenyewe. Kaa wa mtoni atakuwa tayari amekimbilia kwenye majani yaliyorundikana.

Sasa teremka mpaka chini ya bustani za kabichi na nyanya, ugeuze jiwe jingine. Hili halitoki kirahisi, nusu yake imezikwa na tope. Wa mikia mitatu hayupo. Waliobaki ni vijidudu vyekundu kama nyuzi, watoto wa wadudu wanaofanana na mbu lakini hawaumi. Wekundu wao ni himoglobini, jamaa ya ile iliyomo katika damu yetu, na ndiyo inayowawezesha kuishi penye oksijeni haba. Popote wanapokuwa karibu peke yao, maji yale yameishiwa pumzi.

Kijito ni kilekile. Kilichobadilika ni ukingo. Mteremko ukilimwa mpaka kwenye maji, mvua hushusha udongo na kuziba nafasi kati ya mawe, na nafasi hizo ndizo nyumba za wa mikia mitatu na wenzake. Tope hilohilo huganda kwenye matamvua. Miti ya ukingoni ikikatwa, hasara ni mbili kwa mpigo: majani yaliyokuwa yakidondoka majini ndiyo chakula cha wengi wao, na kivuli kikiondoka maji hupata joto. Katika usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 hubeba takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hubaki na 7 na nusu hivi. Ongeza mbolea inayotiririka kutoka shambani: mwani hustawi, na usiku mwani huohuo huvuta oksijeni iliyobaki.

Halafu kuna dawa. Nimemwona mkulima akisuuza bomba lake la kupulizia katikati ya kijito, akamwaga mabaki palepale, akajaza maji mapya. Simlaumu; hakuna mahali pengine alipoonyeshwa pa kuoshea. Lakini dawa iliyotengenezwa kuua wadudu wa nyanya haijui kumbagua mdudu wa mtoni. Dawa za jamii iitwayo pairethroidi huua kwa kiasi kidogo mno, na yule wa mikia mitatu ni miongoni mwa wa kwanza kufa. Hata anayeokoka hana muda wa kupoteza. Akishaota mbawa huishi saa chache au siku chache tu, bila hata mdomo wa kulia, kazi yake ikiwa kupandana na kutaga. Kundi zima likifa wiki hiyo, hakuna wa kutaga.

Usije ukadhani nawalilia wadudu tu, Mheshimiwa. Huko chini, kwenye mifereji ya umwagiliaji na madimbwi, konokono wanaobeba vimelea vya kichocho huliwa na kunguni wakubwa wa majini na kamba wa maji baridi. Dawa ya wadudu huwamaliza walaji hao haraka, ilhali konokono huistahimili zaidi. Mbolea nayo huwaoteshea mwani, ambao ndio chakula chao. Mtoto anayeoga hapo ndiye anayelipa.

Maabara yetu haioni haya kwa urahisi. Dawa hupita na maji ya mvua ya kwanza kwa saa chache, na chupa ya sampuli ikichotwa siku tatu baadaye huonyesha maji safi. Mdudu aliyekaa chini ya jiwe miezi kadhaa hakuondoka saa ile sumu ilipopita. Kukosekana kwake ni ushahidi, na haugharimu kemikali: kinachotakiwa ni wavu, sinia jeupe na macho yaliyofundishwa. Nyenzo yenyewe tunayo. Mwaka 2015 ulichapishwa mfumo wa TARISS, uliorekebishwa kutoka ule wa Afrika Kusini ili ufae mito ya Tanzania. Kila jamii ya viumbe hupewa alama kwa kadiri inavyoshindwa kuvumilia uchafuzi, na jumla ya alama hueleza hali ya mto.

Sheria nayo ipo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hapa nina hofu kidogo. Katika bonde jembamba la milimani, mita 60 kila upande zinaweza kuwa shamba zima la mtu. Mwaka 1955 Waluguru waligomea mpango wa kikoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi, na mpango ule ukafa. Ukituma askari na vigingi, utapata vigingi vilivyong'olewa. Heri kuanza na mita zile za kwanza kabisa: mikuyu na miti mingine ya asili irudi ukingoni, majani ya kuzuia udongo yapandwe kukingama mteremko, na kila kitongoji kipate pa kuoshea mabomba mbali na maji. Jumuiya za watumia maji zifundishwe kutumia wavu na sinia. Mkulima akiwaona wa mikia mitatu wamerudi chini ya shamba lake, atajua kwamba zile mita alizoziacha zimezaa kitu.

Maji haya ndiyo yanayoingia Mto Ruvu, ambao Dar es Salaam inaunywa. Naomba hesabu ya kwanza ifanyike Septemba, maji yakiwa machache na mawe yakifikika, na ya pili mara baada ya mvua za mwanzo za vuli. Matokeo yote mawili yabandikwe kwenye ofisi za vijiji, vya juu na vya chini, kwa Kiswahili.

Wako katika kulijenga taifa,
Mwananchi wa bonde la Ruvu