Barua ya wazi kwa shemeji mwenye bwawa: mizani kwanza, dawa baadaye

Shemeji, salaam.

Umeuliza kama bwawa lako hapo Mbezi Beach unaweza kulitunza mwenyewe bila kumlipa mtu kila wiki. Unaweza, na si kazi ya kutisha. Ila kuna tabia moja ya kuacha leo hii: kumwaga dawa kwa kukadiria. Mabwawa mengi ya majumbani hayaharibiki kwa kukosa dawa, yanaharibika kwa dawa isiyopimwa. Nakujibu hadharani kwa kuwa wenye swali kama lako ni wengi.

Anza na ujazo. Bwawa lako lina urefu wa mita 8, upana wa mita 4, na kina kinachoshuka kutoka mita 1 hadi mita 2, kwa hiyo wastani wa kina ni mita 1.5. Zidisha, unapata mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Namba hiyo iandike ukutani kwenye chumba cha pampu, maana kila hesabu inatoka hapo. Vipimo vya maji husomwa kwa ppm, na ppm 1 ni gramu 1 katika kila lita 1,000. Kwako basi, kupandisha klorini kwa ppm 1 kunataka gramu 48 za klorini tupu. Klorini ya unga inayouzwa kwenye ndoo huwa na nguvu ya asilimia 65 hivi. Gawanya 48 kwa 0.65, unapata gramu 74. Nunua mizani ndogo, na ikishaingia kwenye chumba cha pampu isirudi jikoni tena.

Kwenye kupima, usibane pesa. Kile kisanduku cha chupa mbili, moja ya kugeuza maji manjano na nyingine mekundu, kinakuonyesha klorini yote kwa jumla bila kutenganisha iliyo huru na iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo. Unachotaka kujua ni ile iliyo huru, kwa sababu ndiyo inayoua vijidudu. Tafuta kifaa cha DPD, kinachogeuza maji kuwa ya waridi, chenye pia vipimo vya pH (ukali wa asidi ya maji), alkalini (inayozuia pH isirukeruke) na stebilaiza (kinga ya klorini dhidi ya jua). Kina mtego mmoja: klorini ikizidi sana, rangi ya waridi huchomwa hapo hapo na maji yanabaki meupe, nawe unasoma sifuri na kuongeza dawa juu ya dawa. Ukiona waridi imetokea ghafla ikapotea, changanya maji ya bwawa nusu kwa nusu na maji safi ya kunywa, pima tena, kisha zidisha jibu kwa mbili. Klorini nyingi huharibu pia kipimo cha pH. Kikigeuka zambarau, usikiamini.

Ile harufu kali inayochoma macho, ambayo watu huisema kuwa ni klorini nyingi, mara nyingi ni dalili ya klorini huru kupungua. Hiyo ni klorini iliyoshikana na uchafu. Dawa yake ni kuongeza klorini, si kuacha kuweka.

Sasa nikupeleke mahali ambapo wengi wanaumia: vile vidonge vikubwa vyeupe vinavyowekwa kwenye boya. Jua letu linaua klorini isiyo na kinga; mchana wa jua kali nusu yake inaweza kuondoka ndani ya saa moja. Kwa hiyo maji ya bwawa la wazi yanahitaji stebilaiza, ppm 30 hadi 50. Vidonge vinakuja nayo humo humo, na ndiyo maana vinaonekana rahisi. Lakini kila ppm 10 za klorini zinazotoka kwenye kidonge zinaacha ppm 6 za stebilaiza, na stebilaiza haipotei kama klorini inavyopotea. Fanya hesabu: bwawa lako likila ppm 2 za klorini kwa siku, kwa mwezi umeongeza ppm 36 za stebilaiza. Miezi mitatu, umevuka 100.

Hapo ndipo maajabu yanapoanza. Klorini huru inatakiwa isishuke chini ya asilimia 7.5 ya stebilaiza. Stebilaiza ikiwa 40, klorini ppm 3 inatosha. Ikiwa 100, hiyo hiyo 3 ni kama hakuna kitu; unahitaji 7.5 kila siku. Maji yanageuka kijani huku kipimo kinasema klorini ipo, mwenye nyumba analaumu dawa feki, fundi anaongeza vidonge. Hakuna dawa ya kawaida ya dukani ya kuishusha stebilaiza. Ni kumwaga maji na kujaza mapya: kutoka 120 hadi 40 unabadilisha theluthi mbili, yaani lita 32,000. Piga hesabu ya bili mwenyewe.

Ushauri wangu basi: weka stebilaiza ya unga mara moja, kilo 2 kwa maji mapya ya bwawa lako inakupa ppm 40 na ushee. Ifunge kwenye soksi uitundike mbele ya tundu la maji yanayorudi, kwa kuwa huyeyuka polepole. Baada ya hapo tumia klorini ya unga kila jioni jua likishazama, gramu 150 kwa kuanzia, ukirekebisha kwa kipimo cha asubuhi. Iyeyushe kwanza kwenye ndoo ya maji. Ikitua kavu sakafuni inachubua rangi ya plasta. Unga nao una lake, unaacha chokaa. Kama unajazia maji ya kisima, ambayo huku pwani mara nyingi ni magumu tayari, utaona ukoko mweupe kwenye vigae. Hapo afadhali klorini ya maji ya madumu, ya asilimia 10, mililita 480 kwa kila ppm 1. Nunua dumu jipya kila mara, joto la hapa linaimaliza nguvu haraka.

pH iweke kati ya 7.2 na 7.6. Ikipanda hadi 8, klorini yako iliyo hai inabaki kama robo au pungufu. Kuishusha kutoka 7.8 hadi 7.4, alkalini ikiwa 100, bwawa lako litakula karibu nusu lita ya asidi ya haidrokloriki ya asilimia 33. Mwaga mililita 300 kwanza, pampu ikiwa inazunguka, upande wa kina kirefu, subiri kwa muda wa saa nne, pima. Alkalini ikae 80 hadi 120. Ikiwa chini, pH inarukaruka kila siku. Ili ipande kwa 10, weka gramu 800 za baikaboneti. Usichukue magadi ya sokoni: yana udongo na chumvi nyingine, na hujui nguvu yake.

Hapa sitanii, shemeji. Asidi huingizwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Asidi na klorini zikikutana kwenye ndoo moja zinatoa gesi inayoua. Klorini ya unga na vidonge navyo havichanganywi, hata kwa kijiko kilichotumika pote pawili. Vinaweza kushika moto. Vijiko tofauti, rafu tofauti, na chumba kiwe na hewa na kufuli.

Filta yako ni ya mchanga. Ile valvu ya juu yenye mkono usiigeuze pampu ikiwa inafanya kazi hata mara moja, maana raba ya ndani yenye umbo la buibui itakatika, na baadaye utaona maji yakichuruzika kwenye bomba la uchafu hata mkono ukiwa kwenye Filter. Soma geji filta ikiwa safi, uandike. Tuseme ni baa 0.8. Ikifika 1.3, zima pampu, peleka mkono kwenye Backwash, yaani kuosha mchanga, washa dakika mbili au tatu hadi kioo kidogo cha pembeni kionyeshe maji meupe, zima, peleka Rinse, washa nusu dakika, zima, rudisha Filter. Kila mara unapoteza kama lita 500. Usiioshe kila siku kwa kupenda usafi. Mchanga wenye uchafu kidogo huchuja vizuri kuliko ulio mtupu. Baada ya miaka mitano hadi saba, badilisha mchanga, na uwe wa kwatzi wa punje za milimita 0.5 hadi 1. Mchanga wa ufukweni usiuingize, una vipande vya matumbawe na chumvi. Ukiona mchanga sakafuni mbele ya matundu ya kurudishia maji, vijibomba vya chini ya filta vimevunjika.

Pampu ya kusukuma mita za ujazo 10 kwa saa inazungusha maji yako yote kwa saa tano, hivyo sita kwa siku zinatosha: nne mchana, mbili jioni baada ya kuweka dawa. Kama inavuta kilowati 1.1, hiyo ni karibu uniti 200 za LUKU kwa mwezi. Mapovu kwenye kifuniko cha kioo ni hewa inayoingia upande wa kuvuta: maji yameshuka chini ya skima, lile tundu la ukutani linalovuta maji ya juu, au raba ya kifuniko imekauka. Ipake grisi ya silikoni. Mafuta ya mgando yanaiozesha. Ikinguruma bila kuzunguka, zima haraka, mara nyingi ni kapasita. Ikivuja kati ya pampu na mota, sili imekwisha; ukichelewa, maji yanaingia kwenye beringi na utanunua mota.

Bwawa likiwa kijani, shusha pH hadi 7.2, sugua kuta zote kwa brashi, kisha pandisha klorini hadi ppm 12 kama stebilaiza ni 30: hiyo ni gramu 890 za unga. Pampu isilale. Kila jioni rudisha hadi 12. Umemaliza pale ambapo klorini ya usiku na ya alfajiri inatofautiana kwa ppm 1 au chini yake, si pale maji yanapopendeza. Uchafu uliobaki ukielea, yeyusha kilo moja na nusu ya shabu ya bwawa, sambaza juu, zungusha saa moja mkono wa valvu ukiwa Recirculate, maji yasipite kwenye filta, zima hadi asubuhi. Utakuta umetua sakafuni. Uvute kwa hozi mkono ukiwa kwenye Waste, usiupitishe kwenye filta, utaganda.

Utashauriwa pia kutia mrututu. Ni kweli unaua mwani, lakini haufanyi kazi ya klorini dhidi ya vijidudu, na shaba yake haiondoki. pH ikipanda inatoka kama madoa ya bluu na kijivu kwenye plasta. Mimi nisingeutia.

Masika yakinyesha usiku kucha, asubuhi pima upya kabla ya lolote. Kama maji yanapungua na huelewi, weka ndoo yenye maji kwenye ngazi ya bwawa, usawa wa ndani ulingane na wa nje, zima pampu, subiri saa 24. Bwawa likishuka kuliko ndoo, linavuja. Lakini usilikaushe lote ili kutafuta ufa wakati wa mvua: pale ambapo maji ya ardhini yako juu, bwawa tupu linaweza kuinuliwa na kupasuka. Na usiliache limelala na maji ya kijani, hayo ni mazalia ya mbu, na Dar ilishapata mlipuko wa homa ya dengue 2014 na 2019.

Desemba ukipanda Moshi, hapo ndipo vidonge vina kazi: vitatu kwenye boya, taima kwenye pampu, na mlinzi apewe mambo mawili tu, kutoa majani kwenye kikapu cha skima na kuongeza maji yakishuka chini ya nusu ya mdomo wake. Geti la uzio lifungwe kwa kufuli. Ndoo za dawa asiziguse, hata maji yakibadilika. Akupigie simu, na umtumie namba ya mtu mwenye kifaa cha kupimia.